Barua kutoka Uingereza: Chanjo Kabla ya Mimba

Kwa ndugu zangu wa Itaka,

Napenda kuwajibu mlioniuliza kwa nini binti yetu na mumewe, ambao wamekaa katika ndoa miaka mingi pasipo kuruzukiwa mtoto, hawajaanza bado tiba ya kupandikiza mimba waliyoikusudia. Maana nasikia wako huko wanaonong'ona kwamba Waingereza wamemkatalia kwa sababu ya ugeni wake. Hasha, si hivyo hata kidogo.

Ada ya matabibu wa huku ni kuwapima damu mke na mume, kutafuta virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini ya B na C, kisha kumtazama mke kama mwili wake una kinga ya rubela. Binti yetu hakuwa nayo. Basi akachomwa chanjo ichanganyayo surua, matumbwitumbwi na rubela, akaambiwa asishike mimba, kwa tiba wala kwa kudra, mpaka utimie mwezi mmoja tangu sindano ya mwisho, kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwenye mimba hapewi. (Mume yeye alitoa damu tu, akaenda zake kazini.)

Mtasema, rubela ni kitu gani hata kisimamishe jambo kubwa namna hii? Kwa mtoto aliyekwisha zaliwa ni maradhi mepesi: homa kidogo, vipele, tezi nyuma ya masikio, na baada ya siku chache yuko uani anacheza. Balaa lake humshukia aliye tumboni. Mwaka 1941, tabibu wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alistaajabishwa na wingi wa vichanga waliozaliwa na ukungu machoni, akadadisi, akabaini kuwa mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Na baadaye ikathibiti kuwa maradhi hayo huharibu pia masikio na moyo, na kwamba mama akiambukizwa katika wiki za mwanzo kabisa, watoto wapatao tisa katika kumi huweza kudhurika.

Tena msimlaumu mama yake kwa kutomchanja. Serikali yetu ya Tanzania ilileta chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, ndipo ikaingia katika ratiba ya kliniki, miezi 9 na miezi 18. Binti yetu ni mzaliwa wa 1990. Wakati wake ilikuwapo ya surua peke yake. Wengi wa rika lake walipata kinga kwa kuugua utotoni bila hata kujua. Yeye ugonjwa ulimpita, nami sijui kama hiyo niiite bahati.

Kwa hiyo nawasihi mambo mawili. Kadi za kliniki za watoto zihifadhini pamoja na hati za shamba, kwa maana huku huulizwa hata mtu akiwa mzima. Na mkimpigia simu binti yetu, zungumzeni naye habari za nyumbani, za mvua na za kahawa. Ya mimba msimwulize mpaka atakapoyasema mwenyewe.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni