Ngaka Niliyoikuta Kwenye Simu

Simu zilipoanza kuingia vijijini kwetu Mbinga, kupiga kulikuwa safari. Ulipanda mlimani, ukainua kitochi, ukazunguka mpaka kikanasa mnara wa mbali. Barua pepe tuliifuata Songea, kompyuta inalipiwa kwa saa, na muda ulikwisha ukurasa haujafunguka wote. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa Seacom ulifika Dar es Salaam kupitia baharini. Sisi tuliokuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko hatukuona tofauti kwa miaka kadhaa.

Kilichotangulia kwetu ni makaa ya mawe. Uchimbaji Ngaka, wilayani kwetu, ulianza 2011. Serikali ilipozuia makaa ya nje mwaka 2016, malori ya kwenda viwanda vya saruji yakajaa barabarani. Vita vya Ukraine vya 2022 vikafanya Ulaya nayo iyatake, yakawa yanapakiwa melini Mtwara. Minara nayo iliongezeka miaka hiyohiyo, nami nikapata simu janja.

Usiku mmoja nikaitafuta Ngaka mtandaoni. Zikaja tani, hisa na picha za mitambo, karibu zote kwa Kiingereza. Wenyeji hawamo. Nikatafuta ngolo, vile vishimo vya kulimia mteremkoni: wanaume hulaza majani kwa mistari inayokatana, wanawake huyafukia kwa udongo, mvua ikinyesha maji yanabaki shimoni na ardhi haiporomoki. Hapo nilikuta makala za kitaalamu, nazo kwa Kiingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kwetu miaka ya 1990, wakapima, wakasikiliza, wakaandika vizuri. Siwalaumu hata kidogo. Lakini bibi zetu waliowaeleza hawawezi kusoma kilichoandikwa juu ya mashamba yao wenyewe, na hilo linaniuma kuliko kukosa mnara.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na yeyote anaruhusiwa kuiandikia. Ila kuandika kunataka bando, na bando kwetu hufuata kahawa: ikishalipwa, vijana wote wako hewani, miezi ya ukata, kimya.

Siku hizi nawarekodi wazee kwa Kimatengo, lugha yetu, naandika kwa Kiswahili, kisha narudi kuwasomea. Mama mmoja alinisimamisha katikati: mbona sijasema kwamba kwenye ngolo mpya maharage hutangulia, mahindi yakafuata msimu unaokuja? Nimeongeza.