Kwezi wa Muputu

Leo tuna kosa letu la kuwasimulia.

Mwezi wa Desemba uliopita, baada ya mvua, tulitoka Kamina pamoja na mtoto wa dada yetu kutafuta uyoga porini. Juu ya muputu mmoja mkongwe tuliona kwezi sita, buluu yao ikimetameta. Katika misitu ya kusini mwa Kongo wako kwezi wa buluu wa namna kadhaa. Yuko kwezi masikio-buluu wa miombo, ambaye Mjerumani Erwin Stresemann alimpa jina la elisabeth mwaka 1924. Yuko nduguye mkubwa. Yuko na kwezi mkia-mkali, asiyeonekana sana. Nasi tulitamani mno awe huyo wa tatu, tukaandika hivyo daftarini. Mtoto akauliza: “Mjomba, mbona mkia wake umekatika sawa?” Tukamwambia kwa ukali aangalie uyoga wake.

Buluu ndiyo iliyotupofusha. Manyoya yale hayana rangi ya buluu: ndani yake mna chembe nyeusi, ndogo mno, zilizopangwa hata mwanga ukizipiga hurudi buluu au kijani. Ndege akiingia kivulini, ni mweusi kama makala! Basi mwenye kumtafuta kwezi aanze na mkia: wa mkia-mkali umechongoka kama kabari. Kisha macho: dume wa mkia-mkali anayo mekundu, masikio-buluu anayo ya manjano. Na kinda la kwezi wa miombo lina tumbo la hudhurungi, ambalo kinda la yule nduguye mkubwa halina.

Juma lililofuata tulirudi peke yetu. Makinda mawili yalikuwa tawini yakilishwa wadudu, matumbo yao hudhurungi kama udongo wa kichuguu.

Jioni tulikwenda kwa shemeji, tukamwita mtoto mbele ya babaye: “Ulisema kweli. Sisi tulikosa.” Akainama, akacheka kidogo. Kisha akatoa lililomkaa moyoni: kwezi hutaga katika tundu la mti, nao muputu ule wenye tundu umekwisha kutiwa alama ya panga na wachoma makala. Babaye ni mmoja wao, na kwa makala hayo mtoto husoma.

Shemeji alinyamaza kitambo. “Una pango,” akasema, “makala yake ni machache. Nitauruka.”

Siku ya tatu tulipita tena. Muputu ulikuwa umesimama, na alama ya panga ingali mbichi.