Habari za Kijiji Zilipokuwa na Wenyewe

Habari kubwa wiki hii kijijini kwetu ni pipa la taka. Mtu mmoja alilisahau kando ya barabara baada ya gari la taka kupita, mwingine akalipiga picha, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kufikia saa nne usiku watu walikuwa wanarushiana maneno ambayo ana kwa ana wasingethubutu. Kutoka kwa mpiga picha hadi kwa mwenye pipa ni nyumba tatu. Zamani angebisha hodi. Au, kwa kuwa Waingereza hawapendi kukwaruzana mlangoni, angelisukuma pipa mwenyewe hadi ndani ya geti, kisha kesho yake angeyasimulia dukani. Mwenye pipa angezipata habari zake kabla ya adhuhuri, zikiwa zimeshapoa.

Kijiji chenyewe kiko kusini mwa Shropshire, kule vilima vinapoanza kuelekea Wales. Mji wa soko ulio jirani ni Ludlow. Jina la kijiji nalihifadhi, maana watu ni wachache na wengi bado wazima. Nilihamia huko mwaka 1998, nikiwa muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na habari zangu zilinitangulia. Mzee wa kwanza niliyekwenda kumfunga kidonda cha mguu aliniuliza, hata mkoba sijaufungua, kama ni kweli nimenunua gunia la mchele. Ilikuwa kweli. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, umbeya si kitu kigeni kwangu, lakini ule ulikuwa umbeya wa kitaalamu.

Makao yake makuu yalikuwa posta. Posta ya kijiji cha Uingereza haikuwa jengo la serikali kama tulivyozoea. Ilikuwa kaunta ndogo yenye kioo, pembeni mwa duka la mkate, soseji, magazeti na kamba, na mwenye duka ndiye aliyeiendesha kwa mkataba. Yetu ilikuwa na mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni kwa mnyororo. Nikipeleka barua ya Tanga kupimwa uzito, aliinyanyua, akasoma anwani bila haya, akaniuliza goti la mama yangu linaendeleaje.

Siku ya pensheni foleni ilitoka nje ya mlango. Kila mzee alikuja na kitabu chake cha malipo, mama wa posta akagonga muhuri, akachana karatasi, akahesabu noti. Kazi ya dakika mbili ilichukua robo saa, na ndani ya robo saa hiyo ulijua yote: nani amelazwa Hereford, binti wa nani amerudi nyumbani na masanduku, kondoo wa nani wameingia kwenye bustani ya kasisi. Mimi niliyefungwa mdomo na maadili ya kazi nilisimama humo nikisikia hali za wagonjwa wangu zikielezwa kwa usahihi kuliko zilivyokuwa kwenye mafaili yangu.

Na asiyeonekana kwenye foleni alitafutwa. Zaidi ya mara moja nilipigiwa simu kutoka kaunta ile: bibi wa nyumba ya mwisho hajaja kuchukua pesa yake, na chupa ya maziwa bado iko mlangoni. Safari moja tulimkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, anatuomba radhi kwa usumbufu.

Yaliyostahili kuandikwa yaliandikwa pia. Gazeti la wiki la wilaya lilikuwa na mtu wake kila kijiji, mara nyingi mwalimu mstaafu au mke wa mkulima, aliyelipwa kidogo kwa kila mstari. Yeye ndiye aliyepeleka nani ametoa kitunguu kikubwa kwenye maonyesho ya mboga, jemu ya nani imeshika namba moja, na nani amekuja kuwahutubia akina mama wa Women's Institute, chama kilichozaliwa Kanada mwaka 1897 na kufika Uingereza mwaka 1915. Lakini kazi yenyewe ilikuwa msibani. Mwandishi alisimama kwenye mlango wa kanisa na daftari, akaandika jina la kila aliyeingia, na kama amemwakilisha asiyeweza kufika akaandika na hilo, kisha orodha nzima ikachapwa. Nilipofika desturi hiyo ilikuwa inakaribia kufa, ila nilizikuta orodha kadhaa za mwisho. Mtu aliyekulia na matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, yale ya habari kumfikia fulani wa Korogwe na fulani wa Muheza popote walipo, hahitaji kuelezwa zilikuwa na maana gani. Jina moja likirukwa, watu walinuniana miaka.

Halafu kulikuwa na jarida la parokia. Utaratibu huo ni wa zamani. Mwaka 1859 kasisi mmoja wa Derby, John Erskine Clarke, alianza kuchapa jarida ambalo kila parokia ililinunua na kulizungushia kurasa zake zenyewe za habari za nyumbani. La kwetu lilidurufiwa, likabanwa pini mbili za stepla, likauzwa kwa peni chache. Ndani yake kulikuwa na zamu za kupanga maua, masomo ya Jumapili, shukrani za mjane, tangazo la fundi bomba, tangazo la mzishi, na chini kabisa paka aliyepotea. Halikuthubutu kuandika lenye chumvi. Kila mtu alijua kwa nini mwanakwaya mmoja alihamia kanisa la bonde la pili; jarida lilisema tu kwamba kwaya inatafuta mtu wa sauti ya tatu.

Simsafishi mtu. Kijiji kile kilikuwa na roho mbaya zake. Mwanamke aliyezaa nje ya ndoa katika miaka ya 1960 alikuwa bado anasemwa kwa jambo hilohilo mwaka 2000, mwanawe akiwa ameshaota mvi. Mimi mwenyewe nilikaa miaka nikiitwa yule muuguzi, ilhali jina langu walilijua tangu siku ya kwanza.

Ila nguvu ya mdomo ule niliiona mwaka 2001. Februari ya mwaka huo uligunduliwa ugonjwa wa miguu na midomo, na kabla haujazimwa wanyama zaidi ya milioni sita walikuwa wamechinjwa nchini, wengi wao wazima wa afya, ili kuuzuia usienee. Uchaguzi mkuu uliopangwa kufanyika Mei 3 ulisogezwa hadi Juni 7. Vijia vya mashambani vilifungwa. Kwenye mageti ya wafugaji yalitandikwa majani makavu yaliyoloweshwa dawa, nami nilisimama juu yake na buti za mpira nikisugua soli kabla ya kuingia kwa mgonjwa na baada ya kutoka. Wafugaji walijifungia ndani. Mikutano ikavunjwa, baa ikapwaya. Ndipo watu wachache wakagawana simu: wewe piga nyumba hizi, mimi zile, kila jioni. Hakukuwa na kamati wala mwenyekiti. Mama wa posta akawa anaacha mkate na gazeti nje ya mageti. Mfugaji mmoja, mgonjwa wangu wa moyo, alinung'unika kwamba simu hizo zinamkatizia taarifa ya habari. Ugonjwa ulipokwisha na simu zikakoma, yeye ndiye aliyeanza kuwapigia wenzake.

Kilichokuja baadaye hakikuja kwa kishindo. Mwaka 2003 serikali ilianza kuviondoa vitabu vya pensheni, pesa zikawa zinaingia benki moja kwa moja. Jambo hilo huwezi kulipinga kwa hoja: ni salama, ni rahisi, na hazina inaokoa fedha. Lakini foleni iliyeyuka, na pamoja nayo kile kidogo ambacho posta ililipwa kwa kila malipo. Kati ya 2007 na 2009 posta zipatazo 2,500 zilifungwa nchi nzima, na yetu ikaenda na mkumbo huo. Duka lilijikongoja peke yake kwa muda, kisha likageuzwa nyumba ya kupangisha wageni wa mwisho wa wiki. Kisanduku cha barua bado kiko ukutani, mdomo wake umezibwa na kupakwa rangi, na wageni hupigia picha hapo.

Kabla posta yetu haijafungwa, mkasa mkubwa zaidi ulikuwa umeshaanza katika posta za nchi nzima. Programu ya kompyuta iliyoitwa Horizon, iliyoanza kufungwa kwenye kaunta hizo mwaka 1999, ilikuwa ikionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Hadi kufikia 2015 wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Kuna walioitwa wezi na watu waliokuwa wakiwauzia stempu jana yake. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kisa cha South Warnborough, kijiji cha Hampshire, na msimamizi wake Jo Hamilton. Mwanamama huyu amesimulia jinsi upungufu wa pauni 2,000 ulivyogeuka 4,000 mbele ya macho yake, akiwa kwenye simu na watu waliopaswa kumsaidia. Alidaiwa jumla ya pauni 36,000, akaweka nyumba rehani, akakiri kughushi hesabu ili asihukumiwe kwa wizi. Wanakijiji walichanga pesa za kumlipia deni, wakaenda kuijaza mahakama ya Winchester mwaka 2008. Hukumu yake ilifutwa Aprili 2021, pamoja na za wenzake 38. Miaka 13 yote hiyo kompyuta ilisema hivi na kijiji kikasema vile, na kijiji ndicho kilichokuwa sahihi, kwa sababu kilikuwa kimesimama mbele ya kaunta ya mama yule miaka na miaka.

Mengine niyapite haraka. Magazeti ya mitaa zaidi ya 200 yamefungwa Uingereza tangu 2005, baada ya matangazo ya nyumba, magari na kazi kuhamia kwenye intaneti. Baa yetu ilidhoofika, na marufuku ya sigara ya Julai 2007 ikawa kisingizio tu. Bia ya supamaketi ilikuwa imeshaishinda kwa bei. Si kila mahali walikaa kimya: wanakijiji wa Hesket Newmarket, kule Cumbria, waliinunua baa yao, Old Crown, mwaka 2003, na wakawa wenye hisa. Kwetu hakuna aliyeitisha hata kikao. Kasisi sasa ana makanisa kadhaa na ibada inazunguka kwa zamu. Kile kibanda chekundu cha simu, mchoro wa Giles Gilbert Scott wa miaka ya 1930, halmashauri ilikichukua kwa pauni moja, ikaweka ndani mashine ya kushtua moyo. Nimewafundisha majirani kuitumia. Wengi wao nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza.

Nyumba zenyewe ni nzuri kuliko zamani, hilo niseme. Mabanda ya ng'ombe yamewekewa madirisha makubwa na majiko ya bei mbaya. Baada ya korona wamekuja watu wanaofanya kazi za London wakiwa mezani kwao, ni watu wema, na theluji ikianguka hilo kundi la WhatsApp linasaidia kweli: nani ana trekta, nani ana chumvi ya barabara. Shida yangu na kundi ni moja tu. Halina foleni. Asiyeandika hakuna anayeona kwamba hayupo. Majira ya baridi yaliyopita mzee mmoja aliyeishi peke yake alianguka bafuni, akalala pale usiku kucha na mchana wake wote, huku kundi likijadili paneli za jua. Aliyemkuta ni mtu wa kuleta vifurushi, aliyetaka saini. Simu ya kisasa mzee hakuwa nayo.

Kilichobaki cha zamani ni ubao wa matangazo na halmashauri ya kijiji, ambayo wao huiita ya parokia. Sheria iliyoziunda halmashauri hizi ni ya 1894, na kazi zao nyingi ni ndogondogo: mabenchi, makaburi, kituo cha basi, taa za njiani. Dunia ilizicheka Februari 2021, pale video ya kikao cha Handforth, Cheshire, ilipoenea, wajumbe wakifokeana kwenye Zoom. Mimi sikucheka sana. Niliona watu wa sehemu moja wakigombana kwa majina yao na nyuso zao, jambo ambalo kwetu limekuwa adimu.

Baada yangu wamekuja wengine: Uingereza na Kenya zilitiliana saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, na wapo Waswahili wanaotunza wazee katika vijiji kama hiki. Wengi hukaa miaka bila kujua jirani wa pili anaitwa nani. Ukiwa mmoja wao, pita kwenye ubao. Kwa sheria, tangazo la kikao hubandikwa angalau siku tatu kamili kabla, na mwananchi yeyote ana haki ya kuingia kusikiliza. Hakuna kiingilio. Kwetu, viti vya wasikilizaji karibu vyote huwa vitupu.