Kujilinda, Kulindwa, Kulindana: Mwanamke na Bastola Ngaremara

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akiandika kuhusu bastola. Tumezoea humu kujadili ushairi, riwaya na masuala ya sarufi. Hata hivyo, lugha tunayoisomea ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wetu huitumia kuujadili uhai wao. Mwaka 2019, nikiwa bado katika shahada ya kwanza, shangazi yangu aliniita nyumbani Ngaremara kwa shughuli ya lugha. Alitaka nimsaidie kusoma na kujaza maombi ya cheti cha kumiliki bastola. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, naye husoma Kiswahili. Makala haya ni zao la majuma matatu niliyokaa naye tukilipima jambo hilo, pamoja na tafakuri yangu ya miaka iliyofuata.

Kwa asiyepajua, Ngaremara ni wadi katika Kaunti ya Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale, kati ya mji wa Isiolo na Archers Post. Jina lenyewe lina asili ya Kimaa, lugha ambamo ngare ni maji, ilhali wengi wa wakazi ni Waturkana. Majirani zetu ni Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali. Sote twategemea malisho na maji yale yale, na kiangazi kinapokaza, wizi wa mifugo huja ukiandamana na bunduki. Mtoto wa kwetu huujua mlio wa risasi kabla ya kujua kuandika jina lake.

Bunduki tuliyokua tukiiona haikuwa imefichwa. Ilikuwa begani mwa polisi wa akiba, mwanakijiji aliyepewa silaha na serikali ili alinde mifugo na watu wa kwao. Kikosi hicho kilitambuliwa upya na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Silaha ile ililinda kwa kuonekana. Mwizi aliyeketi mlimani akiiona ikitembea nyuma ya mbuzi alifikiri mara mbili. Ilibebwa na mtu mmoja, lakini kivuli chake kiliwafunika wengi, wakiwemo wanawake waliokwenda kuteka maji au kuuza makaa barabarani. Mwaka 2019 serikali iliamuru polisi wa akiba warudishe silaha ili wasailiwe na kupangwa upya. Zilikuwapo sababu, kwa kuwa baadhi ya silaha hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya. Lakini kwa mwanamke wa kijijini maana yake ilikuwa moja: bega lile sasa lilikuwa tupu.

Shangazi ni mfanyabiashara wa mbuzi. Hununua vijijini mmoja mmoja, huwakusanya, kisha huwapeleka mnadani mjini. Mwaka huo huo, akirejea na fedha za mbuzi kumi na wawili, alisimamishwa na vijana wawili wenye bunduki. Walichukua fedha zote, wakampiga kwa kitako cha bunduki, wakamwacha na mkono uliovunjika. Mfanyabiashara mwenzake wa mjini alipokuja kumjulia hali alimwambia kwamba mwanamke apitaye njia ile na fedha hana budi kuwa na bastola ndani ya nguo. Shauri hilo ndilo lililoniita nyumbani.

Tulianza na sheria. Nchini Kenya, kumiliki silaha si haki ya kila raia. Ni ruhusa itolewayo chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwombaji hulazimika kuonyesha sababu ya kutosha ya kuihitaji. Wenye kutoa ruhusa sharti waridhike kwamba ana akili timamu na tabia njema, na kwamba silaha mikononi mwake haitahatarisha amani. Mnamo Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alikuwa ameamuru hata wale waliokwisha kuwa na vyeti wahojiwe upya. Kwingineko mizani hii imeelekea upande mwingine. Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022 kwamba jimbo la New York halikuwa na mamlaka ya kumdai raia sababu maalumu kabla ya kumruhusu kubeba bastola nje ya nyumba yake. Kwetu swali la kwanza lingali lile lile: kwa nini? Shangazi hakuwa na shida ya kulijibu. Aliuinua mkono wake uliofungwa bendeji.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: bastola ipi? Hapo nilikumbana na upungufu wa msamiati ambao sikuwa nimefundishwa darasani. Kiswahili kina maneno ya kale ya silaha. Bunduki tuliitwaa kutoka Kiarabu, bastola kutoka Kireno. Risasi ni jina la madini lililogeuka kuwa jina la kile kinachoua, na mzinga ni wa nyuki na ni wa vita pia. Lakini tulipofika kwenye sehemu za bastola na namna ya kuibeba kwa usalama, ilinibidi nieleze kwa sentensi nzima kile ambacho karatasi ilikitaja kwa neno moja. Kwa bahati njema, askari mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu babu, alikubali kutufafanulia kwa subira, bastola yenyewe ikiwa haipo.

Alisema kwamba watu wengi hudhani bastola ya mwanamke ni ile ndogo kuliko zote. Dhana hiyo si sahihi. Bastola ndogo na nyepesi hupiga teke kali zaidi, kwa kuwa haina uzito wa kulimeza teke la risasi. Mpini wake mfupi huacha kidole kimoja au viwili bila pa kushika, na mtutu mfupi hufanya shabaha iwe ngumu. Kubwa nayo ina taabu zake. Ceska ya chuma, ambayo magazeti yetu huitaja kila mara katika habari za uhalifu, hukaribia kilo moja, na mwenye kiganja kidogo huenda asikifikie vizuri kifyatulio. Glock 19, yenye fremu ya plastiki, ina uzito wa gramu 600 hivi bila risasi, lakini haina kufuli ya kusukumwa kwa kidole gumba. Usalama wake umo ndani ya mitambo na katika nidhamu ya kidole cha mshikaji. Tena, bastola za namna hizi mbili huhitaji kipande cha juu kivutwe nyuma kwa nguvu ili risasi iingie mtutuni. Shangazi aliutazama mkono wake akanyamaza. Rivolva haihitaji kuvutwa hivyo, nayo ni rahisi kuielewa, ila aghalabu hubeba risasi tano au sita tu, na kifyatulio chake ni kizito. Kwa ufupi, kipimo cha kwanza ni mkono wa mwenyewe, na mkono haupimwi kwa macho. Hupimwa katika uwanja wa shabaha, kwa mazoezi yasiyokoma. Mazoezi hayo yanagharimu risasi, nauli na siku za kazi.

Kisha likaja suala la mahali pa kuificha. Bastola nyingi huundwa kwa kudhaniwa kwamba mbebaji amevaa suruali na mshipi mgumu. Shangazi huvaa gauni, leso kiunoni na shuka begani. Leso haiwezi kushikilia chuma. Mkoba nao ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa na mnyang'anyi, na ndicho kitu cha kwanza ambacho mjukuu hukipekua akitafuta peremende. Yule askari alisisitiza kwamba silaha ibebwayo mwilini sharti ikae ndani ya ala ngumu inayokifunika kifyatulio kabisa, wala isichanganywe na funguo au sarafu. Nyumbani nako sharti ifungiwe mahali imara. Nyumba ya shangazi ni ya mbao na mabati, na kufuli ya mlango wake huizidi nguvu mbuzi dume.

Hata hivyo, lililonishughulisha zaidi lilikuwa ni lile la adui mwenyewe. Wale vijana wa njiani walikuwa na bunduki za vita. Bunduki ya aina ya AK hulenga shabaha mita mia tatu na zaidi, ilhali bastola mikononi mwa aliyefunzwa vyema hufaa kwa mita ishirini na tano hivi. Ukiwaona vijana hao wakiwa mbali, bastola haifiki. Wakiwa karibu, mitutu yao tayari imekuelekea, nawe bado unaitafuta yako chini ya shuka. Tena silaha iliyofichwa haimtishi mtu asiyejua kwamba ipo. Akijua kwamba ipo, basi hiyo yenyewe yaweza kuwa sababu ya kukuvamia, kwa kuwa kwetu silaha ina thamani kuliko mbuzi wengi. Bunduki ya polisi wa akiba huzuia shari isianze. Bastola ya siri husubiri shari ifike, ndipo nayo iulizwe kazi yake.

Iko pia hatari isiyopita njiani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipotimiza miaka 15, na kwa walioolewa, mtendaji anayetajwa zaidi ni mume au mwenzi. Hapo umbali si tatizo tena, lakini siri nayo haipo. Anayelala nawe anajua bastola iko wapi, anajua ufunguo uko wapi, na pengine ana nguvu kukuzidi. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya mgeni chaweza kuishia mikononi mwa mwenyeji.

Kama mwanafunzi wa lugha, nililiona jambo hili katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Kutokana na linda twapata kulindwa, kulindana na kujilinda. Bunduki ya serikali ni ya kulindwa. Kusafiri pamoja, kupeana habari za njia na kupigiana kelele usiku ni kulindana. Bastola ya siri ni ya kujilinda: mtendaji na mtendewa ni mtu mmoja, na hakuna mwingine ndani ya sentensi. Mwanamke hafiki kwenye kujilinda kwa kupenda upweke huo. Hufika baada ya kulindwa kumponyoka na kulindana kulegea. Kwa hiyo simlaumu achaguaye bastola. Ninachouliza ni kama yale mengine mawili yamekwisha kweli.

Historia ya kaskazini inatupa jibu. Mwaka 1990, karibu na Archers Post, ng'ambo tu ya mto Ewaso Nyiro, Rebecca Lolosoli na wanawake wenzake Wasamburu, waliokimbia ukatili na kufukuzwa makwao, walianzisha kijiji chao wenyewe wakakiita Umoja. Wajir nako, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo zilipokuwa zikiuana, wanawake akiwemo Dekha Ibrahim Abdi walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote awe huru kuuza na kununua, na kutoka hapo wakawafikia wazee, vijana na serikali. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Wanawake hao hawakuwa wajinga wa hatari. Waliijua kwa miili yao.

Shangazi hakuijaza fomu. Hakuitupa pia. Imo ndani ya sanduku lake hadi leo, na akiulizwa husema, "Mwanangu, woga wangu haujaisha, ila nimeupunguzia chakula." Chakula chenyewe kilikuwa ni fedha taslimu. Sasa wanunuzi wake humlipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007 lakini ambayo wafanyabiashara wengi wa mbuzi wa rika lake walikuwa wakiishuku. Yeye na wanawake wengine sita husafiri siku moja katika gari moja, na miongoni mwao wamo Waborana na Wasamburu, ili habari za njia ziwafikie kwa lugha tatu. Polisi wa akiba nao walirejeshwa baadaye kwa mpango mpya. Hakuna kati ya haya kinachozuia risasi. Usiku mlango wake ungali wa mbao, na mbwa wakibweka bado huketi kitandani akisikiliza. Sina neno la kumtuliza usiku huo, nami sidai kwamba ninalo.

Nihitimishe kwa jambo linalotuhusu sisi tunaosomea lugha hii. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wapo wanawake ambao, baada ya kupima yote niliyoyataja, wataamua kuichukua bastola, na sheria itawaruhusu. Mwanamke huyo asiwe na silaha mkononi na maelekezo yake katika lugha asiyoielewa. Masharti ya cheti, maonyo ya usalama na majina ya kila kipande yanapaswa kumfikia kwa Kiswahili fasaha kabla risasi ya kwanza haijaingia mtutuni. Kazi hiyo ya istilahi haihitaji ufadhili mkubwa. Yahitaji sisi tuketi na watu wanaozijua silaha, tusikilize, tuandike. Nami nimeianza kwa daftari moja, nikiwa na maneno arobaini hivi, mengi yao yakiwa bado ni sentensi.