Kamera ya Mama Watoto

Ndugu wazazi na wanafunzi, mmeniuliza: Maalim, zama hizi za simu, kwa nini umnunulie mkeo kamera ya dijitali?

Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliruhusu za kamera. Sheikh Ibn Baz alizikataza ila kwa dharura. Mimi nafuata kauli ya kwanza, lakini sitiri ya mke ni wajibu kwa kauli zote. Simu ikiharibika huenda kwa fundi na picha zake zote, hata zile asizovaa hijabu. Kwa hiyo nilichagua kamera isiyo na intaneti. Kadi yake haiuzwi wala haiazimwi, maana picha iliyofutwa huweza kurudishwa.

Wauzaji watawasifia megapikseli. Picha ya inchi 4 kwa 6 hutosheka na 2 tu na ushei! Tazameni zumu ya lenzi, na betri: hapa Atlabara umeme hukatika, nami nikachukua inayotumia betri za dukani.

Nilimwonya asipige daraja la Nile wala askari. Yeye aliuliza moja tu: kadi itakaa kwa nani? Nikampa ufunguo wa sanduku.