Kumwonyesha Mtu Njia

Mtu akiuliza njia kwetu huambiwa, "Shika njia hii mpaka mwembe mkubwa, kisha pinda mkono wa kushoto." Maneno hayo yatosha kwa mwenyeji, tena mchana. Lakini dereva atokaye mbali usiku, kuja kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, atauonaje mwembe? Jambo hilo limetupata kijijini kwetu: gari lilizunguka mpaka alfajiri. Mama na mtoto walipona, bali hofu ile haikututoka.

Kwa sababu hiyo nalijifunza kazi ya simu hizi za kisasa. Huko juu, yapata kilometa 20,200, huzunguka setilaiti za Marekani ziitwazo GPS, nazo hutuma alama za saa. Simu ipokeapo alama za setilaiti nne au zaidi, hupima muda zilizochukua kufika, ikajua mahali ilipo. Wala haihitaji salio kwa kazi hiyo. Yataka tu mahali penye mbingu wazi.

Zamani Marekani iliwapunguzia raia usahihi huo kwa makusudi, hata kosa likafika mita 100 hivi. Mwezi wa Mei 2000 kizuizi kikaondolewa. Mara mtu mmoja wa jimbo la Oregon akaficha ndoo mwituni, akatangaza tarakimu za mahali pake. Wengine wakaitafuta, wakaiona. Huo ndio mwanzo wa mchezo wa jiokashi, ambao sasa huchezwa katika nchi nyingi.

Mchezo huo nimewafundisha wanafunzi wangu. Hawa huficha kopo lenye daftari, na wale hulitafuta kwa tarakimu. Hivyo wametambua kwamba digrii moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi, na kwamba tarakimu ya tatu baada ya nukta ikikosewa kwa moja tu, umepotea mita 111. Hesabu iliyokuwa mzigo ubaoni imekuwa furaha porini.

Kutoka mchezoni tukaingia kazini. Iko ramani iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu aweza kuiongezea. Huko Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji waliandika humo nyumba na mifereji ya mitaa yenye mafuriko, katika kazi ya Ramani Huria. Sisi nasi tukaanza kuandika vijia, daraja na zahanati.

Hapo bibi mmoja akatuuliza, "Na kisima chetu, mmemwuliza nani?" Neno lake lilikuwa zito, maana ramani humwita mwema na mbaya pamoja. Tukaketi barazani na wazee, tukapatana: njia zote za zahanati ziandikwe, kisima na makaburi visiandikwe, majina yawe yale watumiayo wakazi.

Ndugu msomaji, ukiwa mwalimu au mzee wa kijiji, itazame ramani uone kwenu kumeandikwaje. Setilaiti hazijui majina wala heshima ya mahali. Hayo hayana budi kuandikwa na wakazi wenyewe, nao washauriane kwanza.