Nguvu Haichanganywi Kama Uji

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Tuzungumzie uchawi. Usikimbie! Simaanishi ungo, fisi wala mambo ya usiku wa manane. Namaanisha uchawi wa kwenye vitabu na sinema, ule wa dunia za kubuni, ambako watu wa moto wanapigana na watu wa maji na mtoto mmoja anatakiwa kuiokoa dunia.

Mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kwa hesabu za kwetu ni mdogo wangu bila nyongeza yoyote, yuko kidato cha tatu huko Kyerwa. Ana daftari la hesabu ambalo halina hesabu hata moja. Ndani yake kuna dunia aliyoiunda mwenyewe, yenye koo tano: ukoo wa chuma, wa ziwa, wa pori, wa ng'ombe na wa ngoma. Kila ukoo una nguvu zake. Juzi akanitumia ujumbe: "Kaka, koo mbili zikiunganisha nguvu, tunajumlisha au tunazidisha?"

Swali zuri sana hilo. Waandishi wakubwa wa Ulaya na Marekani wamelitolea jasho. Tolkien aligawa pete, 3 kwa hawa, 7 kwa wale, 9 kwa binadamu, na moja ikawekwa juu ya zote. Wale wa katuni ya Avatar iliyoanza mwaka 2005 waliamua kwamba kila taifa lina kipaji chake kimoja, na ni mtu mmoja tu katika kila kizazi anayeweza kuvishika vyote vinne. Kwa maneno mengine, kila dunia ya kubuni lazima iwe na sheria. Ukiruhusu kila mtu achanganye na kila kitu, hadithi imekufa ukurasa wa tatu.

Nilimjibu hivi: mdogo wangu, usihangaike na Wazungu. Sheria zote hizo ziko hapo hapo ulipokaa. Tembea nazo basi.

Kanuni ya kwanza: kila nguvu ina eneo lake. Wazee wetu wa Kagera walikuwa na emandwa. Mugasha ni wa ziwa, mawimbi na dhoruba. Irungu ni wa pori. Kazoba ni wa jua. Wamara ni mkubwa wao, mwenye mambo ya waliokufa. Mvuvi hamsumbui Irungu na mwindaji hamsumbui Mugasha. Kama wizara vile, tofauti ni kwamba hawa hawakuwa wakisukumiana mafaili.

Kanuni ya pili: mgeni akichukua kiti, haendi nacho peke yake. Simulizi za Karagwe zinasema kabla ya Abahinda nchi ilikuwa chini ya Nono, mtu wa ukoo wa Abasita. Akaja Ruhinda, akachukua utawala, na uzao wake ukatawala karne kadhaa. Lakini tazama vitu ambavyo wafalme hao walivihifadhi Bweranyange kama alama za enzi yao. Kulikuwa na nyundo na fuawe za wahunzi. Kulikuwa na ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu, waliofuliwa kwa chuma! Stanley alipomtembelea Omukama Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye hata sanamu za bata, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa.

Hebu mtafakari huyo ng'ombe wa chuma. Ng'ombe ni utajiri na fahari ya wafugaji. Chuma ni siri ya wahunzi, watu wa tanuru na mkaa. Mimi navyomsoma, ng'ombe wa chuma ni mkataba. Anasema: enzi hii haisimami kwa mfugaji peke yake wala kwa mhunzi peke yake. Na angalia kwamba havikuyeyushwa vikawa kitu cha tatu kisichojulikana. Ng'ombe bado ni ng'ombe na chuma bado ni chuma. Nguvu haichanganywi kama uji, ukakoroga mpaka usijue unga uko wapi na maji yako wapi.

Kanuni ya tatu: nguvu iliyounganishwa inamchagua mwenye kuishika. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alifika kwa Rumanyika Novemba 1861 na kuandika aliyosimuliwa. Alipofariki Omukama Ndagara, wana watatu walikuwa wanawania kiti. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa uzito wa kawaida si kitu, lakini ilikuwa imejazwa dawa, hivyo asiyetakiwa na mizimu hawezi kuinyanyua. Ndugu wawili wakahangaika nayo mpaka basi. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake kidogo.

Kulikuwa na mtihani mwingine pia. Mrithi anakaa chini mahali fulani, na ardhi inainuka naye kwenda juu mpaka mawinguni. Mizimu ikimkubali inamteremsha polepole. Ikimkataa, ardhi inaporomoka naye anasagika. Mnaolalamikia usaili wa kazi siku hizi, mmesikia?

Lakini huyo huyo Speke anatueleza sehemu ya pili ya habari. Mmoja wa wale ndugu, ambaye anamwandika Rogero, hakukubali matokeo. Akaingia vitani. Rumanyika aliokolewa na mfanyabiashara wa Tabora aitwaye Musa Mzuri, aliyekuja na watu wenye bunduki. Kwa hiyo ngoma ilichagua na bunduki zikathibitisha. Mdogo wangu, hilo nalo liandike: daima kuna nguvu kutoka nje ambayo haimo kwenye sheria zako, na itadai malipo yake. Musa alilipwa kwa pembe za ndovu.

Kanuni ya nne: kuna nguvu isiyo na ukoo. Nyabingi ni mfano wake. Simulizi nyingi za Kigezi na Rwanda zinasema alikuwa malkia hapa Karagwe, akafa, na roho yake ikasambaa kaskazini na magharibi. Nyabingi haikuuliza wewe ni mfugaji au mkulima. Ilimshika yeyote, wanawake hasa. Ndiyo maana watawala waliiogopa, wa kiasili na wa kikoloni. Muhumuza, mwanamke aliyeongoza watu kwa jina lake, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 wakamzuia Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945. Jina likavuka hata bahari. Rasta wa Jamaika wanaopiga ngoma za Nyabinghi wanalitamka jina ambalo simulizi zinalirudisha kwetu.

Kanuni ya tano, na hii inatoka kusini: muungano una miko. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alifanya kitu ambacho hakuna jemadari aliyekiweza. Aliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Aliwaunganisha kwa maji. Ukinyweshwa maji yale unakuwa ndani, lakini unafungwa na masharti: usilale na mwanamke wakati wa vita, usipore mali. Wajerumani walimnyonga Agosti 4, 1905, lakini maji yaliendelea kusafiri bila yeye, mpaka kwa Wangoni. Tunajua risasi hazikugeuka maji. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa ya kutengenezwa makusudi, yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Waliobaki walipoulizana sababu, wapo waliosema: kuna watu walivunja miko.

Jibu hilo linawakasirisha wasomi wengi. Mimi nilipokuwa chuo lilinikasirisha pia. Siku hizi nalielewa kwa namna nyingine. Miko ndiyo iliyokuwa muungano wenyewe. Mmatumbi na Mngoni walikuwa na nini cha pamoja zaidi ya masharti yale?

Sasa nije kwenye kanuni ya sita, ambayo si ya vitabuni. Hii iko sebuleni kwetu, na ndiyo iliyonifanya nipande basi kutoka Dar mpaka Bukoba, kisha Kyaka, Omurushaka, hadi Nkwenda mwezi uliopita.

Kwetu kuna omukago, udugu wa damu. Kama nilivyosimuliwa nyumbani, wanaume wawili wanachukua tunda moja la kahawa lenye buni mbili. Kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye buni moja, na mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo nyumba mbili ni moja. Ukimsaliti mwenzako, ile damu yake iliyo tumboni mwako inavimba na kukuua. Na watoto wenu ni ndugu, kwa hiyo hawaoani.

Babu yangu alikula omukago na rafiki yake. Babu akafariki mapema, baba yangu akiwa mdogo. Ile nyumba ya pili ikamchukua baba, ikamlisha, ikampeleka shule. Alipokua wakamkatia kibanja, migomba na kahawa ndani yake. Hakuna karatasi. Hakuna mhuri wa kijiji. Ilikuwa damu na buni, basi. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu kwa kahawa ya kibanja kile.

Kaka yangu akaenda kusoma Mwanza. Akampata msichana. Wakapendana miaka miwili kabla ya kuulizana vizuri habari za mababu, ikaja kujulikana ni mjukuu wa nyumba ile. Mnaona tulipofika?

Kikao kilikaa. Walikuwepo wazee wa pande zote mbili, lubisi kwenye kibuyu, akina shangazi upande wa jikoni wakisikia kila neno. Kaka akaomba ruhusa ya kusema. Akawaambia kwa heshima zote kwamba hawana undugu wa damu, daktari yeyote atathibitisha, na kwamba hayo mambo ya omukago ni ya zamani, yamekwisha, sisi ni Wakristo.

Mzee mmoja wa upande wa pili, ambaye sisi tunamwita babu na kwa haki kabisa, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema taratibu, bila hasira: "Mwanangu, sawa. Kama omukago umekufa, tumzike basi. Ila tukimzika, tuzungumze na habari za kile kibanja."

Hakuna aliyejibu. Baba aliangalia chini.

Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Nimekaa kwenye mikutano ya wanasheria wanaolipwa kwa saa. Sijawahi kusikia hoja iliyofunga milango yote kwa sentensi mbili namna ile. Huwezi kubaki na nguvu ukaacha mwiko wake. Vilikuja pamoja, kwenye tunda moja, buni mbili. Ukiitema yako, huwezi kudai kwamba ile iliyo tumboni mwa mwenzako iendelee kufanya kazi.

Na mzee yule hakuwa anakitaka kibanja. Nina hakika, maana baada ya kikao alinishika mkono akaniuliza kama huko Dar nakula vizuri. Alikuwa anatukumbusha tunasimama juu ya nini.

Msimamo wangu? Nataka kaka aoe. Yule dada ni mtu mwema, na sioni dhambi. Lakini sitaki aoe kwa kusema omukago ni upuuzi, maana upuuzi huo ndio uliomvusha baba yangu. Nilipopewa nafasi nilisema kitu kimoja: waliofunga kifundo hiki walikuwa watu wawili waliotaka nyumba zao zisitengane. Kama ndoa hii inaziunganisha zaidi, basi wazee wa nyumba zote mbili wakae, waufungue mwiko wao wenyewe kwa mikono yao, mbele ya mashahidi, na siku hiyo hiyo kibanja kiandikwe kwenye karatasi kwa kauli ya waliokitoa. Anayeweza kufungua ni yule aliyefunga, au warithi wake wakiwa pamoja. Kijana mmoja kutangaza tu kwamba kamba haipo, hiyo hapana.

Shangazi mmoja alipiga kigelegele kidogo, akanyamazishwa. Mzee mwingine alisema vijana wa magazeti wana maneno mengi. Wakaahirisha mpaka kahawa itakapovunwa. Kaka amerudi Mwanza amenuna. Yule dada bado anampigia simu mama yangu kila Jumapili, na mama anapokea.

Kwa hiyo mdogo wangu wa daftari la hesabu, jibu la swali lako ni hili: hatujumlishi wala hatuzidishi. Tunakopeshana. Kila ukoo unabaki na chake, unashika na cha mwenzake tumboni, na deni halifutwi na upande mmoja. Ukitaka msisimko kwenye dunia yako, mlete mtu anayeihitaji nguvu ya muungano lakini hawezi kuyavumilia masharti yake. Hadithi itajiandika yenyewe.

Nanyi wasomaji wa Karagwe, Kyerwa, Bukoba na kwingineko, nawauliza: kwenu kuna omukago, utani au kiapo gani ambacho bado kinawalisha bila ninyi kujua? Waulizeni wazee leo jioni, wakati bado wapo wa kuulizwa. Mkipata jibu, niandikieni. Hasa kama mnajua nyumba iliyowahi kuufungua mwiko wa namna hii kwa amani, maana kahawa imeshaanza kuwa nyekundu.